Kaya ya katikati Elburgon hupata shilingi ngapi?

Kila nikiteremka Mombasa huulizwa swali lile lile: huko mliko, mnakolima viazi na kupasua mbao, watu wana pesa? Wanaouliza wana haki ya kuuliza. Viazi vya Elburgon na Molo hufika Kongowea kwa malori, vikaishia kwenye karai za barazani kwetu, na mlaji hujua vilimgharimu nini. Asichokijua ni kiasi gani kilimfikia aliyevilima.

Nafundisha hesabu Elburgon, kaunti ya Nakuru, na swali hili nimelibeba kwa muda. Jibu fupi ni kwamba hakuna nambari moja unayoweza kuitoa mfukoni. Jibu refu nataka kulieleza hapa polepole, kwa kuwa siku hizi nambari hiyo inatukatia pesa. Tangu Oktoba 2024, kaya isiyo na mshahara hutakiwa kuilipa bima ya afya ya SHA asilimia 2.75 ya mapato yake, na mapato hayo hukadiriwa kutokana na maswali kuhusu nyumba unayoishi na vitu ulivyo navyo. Hali kadhalika, pesa zinazotoka Nairobi kwenda Kilifi, Kwale au Tana River hugawanywa kwa fomula ambayo ndani yake mna kipimo cha umaskini. Mtu asiyejua kadirio hupikwa vipi hawezi kulipinga likimkosea.

Wastani na aliye katikati

Tuanze na neno lenyewe. Wataalamu wa takwimu wanaposema kaya hawamaanishi kaya za Wamijikenda zilizomo misituni. Wanamaanisha watu wanaoishi pamoja, wenye mkuu mmoja na wanaokula chungu kimoja. Babu, mjukuu na mfanyakazi wa nyumbani wakila chungu kimoja ni kaya moja. Ndugu wawili wenye ua mmoja na majiko mawili ni kaya mbili.

Sasa chukua mfano wa kaya tisa katika njia moja. Kwa mwezi zapata shilingi 6,000, 8,000, 9,000, 11,000, 13,000, 15,000, 18,000, 25,000 na ya mwisho, ya mwenye malori, 210,000. Jumla ni 315,000. Ukigawa kwa tisa wapata wastani wa 35,000. Hebu tazama tena orodha hiyo: kaya nane kati ya tisa hazifikii hata 26,000, na wastani wasema 35,000. Mwenye malori amewavuta wote kwenye karatasi bila kumpa mtu senti.

Kuna kipimo kingine kiitwacho mediani. Zipange kaya zote foleni kuanzia ya chini hadi ya juu, kisha muulize aliyesimama katikati. Hapa ni wa tano, mwenye 13,000. Mwenye malori akipata milioni moja mwezi ujao, wastani utaruka juu, na wa katikati atabaki pale pale. Ndiyo maana ukitaka kujua hali ya watu wa mahali fulani, muulize wa katikati.

Kwa nini kuuliza "wapata ngapi" hakutoshi

Mwaka fulani nilimuuliza jirani yangu, mzee mkulima, mapato yake ya mwezi. Akacheka. "Mwalimu, mimi sina mwezi, nina msimu." Jibu lile lina somo zima la takwimu ndani yake.

Mkulima wa viazi huvuna mara mbili kwa mwaka mvua zikija vizuri. Aina ya shangi, inayolimwa sana huku, huchipua upesi baada ya kuchimbwa. Haikai ghalani kungoja bei, basi huuzwa ikiwa soko limejaa. Ukimuuliza wiki ya mavuno atakutajia fedha nyingi. Ukimuuliza wakati wa palizi atakwambia ana deni la mbolea. Wavuvi wetu wajua jambo hili vyema. Mhesabu akifika Kipini au Vanga kusi imekaza na vyombo vimefungwa, ataandika umaskini. Akifika kaskazi na bahari ni shwari, ataandika neema.

Kisha kuna chakula ambacho hakikupita sokoni. Viazi vya shamba vilivyoliwa nyumbani, maziwa ya ng'ombe wa uani, kuni za msituni: vyote ni riziki, na hakuna risiti. Na kuna kipimo chenyewe. Mkulima husema ameuza magunia 20, lakini gunia gani? Kanuni za viazi za mwaka 2019 zasema gunia lisizidi kilo 50, na bado kwenye mashamba mengi utaona gunia lililoongezwa kichwa kwa kamba, lile ambalo Watanzania huliita lumbesa. Ukizidisha magunia 20 kwa bei bila kujua uzito, umekosea kabla hujaanza.

Kwa sababu hizo, Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, halipimi umaskini kwa mapato. Hupima matumizi: kaya imekula nini, imenunua nini, imelipa kodi ya nyumba na karo kiasi gani, na cha shambani huthaminiwa kwa pesa kana kwamba kimenunuliwa. Matumizi hayapandi na kushuka kama mapato. Mtu akipata nyingi Agosti hujiwekea, akikosa Mei hukopa dukani, na sufuria haikauki. Na utafiti mkubwa huenezwa mwaka mzima ili misimu yote iingie. Ule wa 2005/06 ulifika kaya 13,430. Wa 2015/16, ulioanza Septemba 2015 ukaisha Agosti 2016, ulipanga kufikia kaya 24,000 katika maeneo madogo 2,400, kaya kumi kila eneo.

Kwa hivyo ukisikia "mapato ya kaya" ya sehemu ya mashambani Kenya, jua kwamba mara nyingi chini yake kuna matumizi. Kwa kaya ya katikati, isiyoweka akiba kubwa, tofauti ya mapato na matumizi ya mwaka mzima haiwi kubwa sana. Kwa tajiri ni nyingine kabisa.

Kumtafuta wa katikati kwa kutumia mstari wa umaskini

KNBS ikitangaza takwimu, magazeti hubeba asilimia ya maskini. Yule wa katikati hatajwi. Lakini ukiangalia vizuri, asilimia hiyo yaweza kukuonyesha alipo.

Fikiria foleni ile ile, safari hii ya watu wote wa mashambani Kenya, na kamba iliyofungwa mahali fulani ikitenganisha maskini na wasio maskini. Mwaka 2005/06 kamba ya mashambani ilifungwa kwenye shilingi 1,562 kwa mwezi kwa kila mtu mzima, na asilimia 49.1 ya watu wa mashambani walikuwa nyuma yake. Katikati ya foleni ni asilimia 50. Maana yake, Mkenya wa katikati wa mashambani alikuwa amesimama karibu juu ya kamba yenyewe. Matumizi yake yalikuwa kitu kama shilingi 1,562 na kidogo juu. Hatukuhitaji siri yoyote ya serikali kulijua hilo.

Ili kuigeuza iwe ya kaya, tunahitaji kujua watoto huhesabiwa vipi. KNBS humhesabu mtoto wa chini ya miaka mitano kuwa 0.24 ya mtu mzima, wa miaka 5 hadi 14 kuwa 0.65, na kuanzia miaka 15 ni mtu kamili. Chukua kaya ya baba, mama, watoto wawili wa shule ya msingi na mmoja wa miaka mitatu. Mbili, jumlisha 1.3, jumlisha 0.24: ni sawa na watu wazima 3.54. Zidisha kwa 1,562 upate shilingi 5,529 kwa mwezi. Hiyo ndiyo kaya ya namna hiyo iliyosimama katikati ya Kenya ya mashambani mwaka 2005/06.

Miaka kumi baadaye kamba ya mashambani ilikuwa shilingi 3,252, na waliobaki nyuma yake walikuwa asilimia 40.1. Wa katikati sasa alikuwa ameivuka kwa hatua kadhaa. Kaya yetu ya watu watano ingehitaji shilingi 11,512 kuikanyaga kamba, basi ile ya katikati ilikuwa juu ya hapo.

Kwa kaunti ya Nakuru, utafiti wa 2015/16 ulipata asilimia 29.1 chini ya mstari. Wa katikati wa Nakuru alikuwa mbele ya kamba kwa nafasi ya kutosha. Linganisha na kwetu: Mombasa 27.1, Lamu 28.5, Taita Taveta 32.3, Kilifi 46.4, Kwale 47.4 na Tana River 62.2. Kilifi na Kwale wa katikati alikuwa anaivuka kamba kwa shida. Tana River wa katikati alikuwa nyuma yake, tena mbali. Ukisema "Tana River asilimia 62.2 ni maskini" watu hutikisa kichwa na kupita. Ukisema "chagua mtu wa kawaida kabisa Tana River, yule wa katikati, naye hamudu mahitaji ya lazima," hapo msikilizaji husimama.

Shilingi ya mwaka gani?

Kutoka 5,529 hadi 11,512 ni zaidi ya maradufu. Mwanasiasa anaweza kusimama jukwaani aseme mapato ya wananchi yameongezeka maradufu katika miaka kumi. Ukweli ni kwamba hizo nambari mbili ni kamba ile ile, imesogezwa kwa sababu vitu vimepanda bei. Aliyekuwa anatumia 8,000 mwaka 2005/06 alihitaji karibu 16,700 mwaka 2015/16 ili abaki pale pale. Akiwa na 15,000 mkononi, amerudi nyuma huku akihesabu noti nyingi zaidi. Maendeleo ni kile tu kilichozidi.

Mwaka 2021 kamba ya mashambani ilifikia shilingi 3,947. Kaya yetu ya watu watano ikahitaji 13,972. Na umaskini nchini, uliokuwa umeshuka hadi asilimia 36.1 mwaka 2015/16, ulikuwa umerudi asilimia 38.6 mwaka huo wa 2021, baada ya Korona, kisha 39.8 mwaka 2022. Noti zimeongezeka, na foleni imesogea nyuma.

Yaliyotokea baina ya nukta mbili

Sasa turudi Elburgon, kwa kuwa hapa ndipo nambari za nchi nzima hazitoshi.

Mji huu ulikua kwa reli na miti. Kwa miongo mingi riziki ya nyumba nyingi ilikuwa viwanda vya kupasua mbao: wenye msumeno, wapakiaji, madereva, mama wauza chai langoni. Oktoba 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu yake, ikaziruhusu kampuni chache kubwa kuendelea, Timsales yenye kiwanda hapa Elburgon ikiwa mojawapo. Viwanda vidogo vingi vilifunga. Marufuku ililegezwa zaidi ya miaka kumi baadaye. Februari 2018 ikarudi upya nchi nzima. Julai 2023 Rais William Ruto, akiwa Molo, alitangaza kuiondoa, na jambo hilo likaenda hadi mahakamani.

Ziweke tarehe hizo kando ya tarehe za utafiti. Utafiti wa 2005/06 ulifanyika viwanda vikiwa vimefungwa. Wa 2015/16 ulifanyika misumeno ikilia tena. Ukichora mstari ulionyooka kutoka nukta ya kwanza hadi ya pili, utaona maendeleo ya taratibu ya miaka kumi. Huenda sehemu ya maendeleo hayo ni kazi zilizorudi tu, ambazo miaka miwili baadaye zilipotea tena pasipo utafiti mkubwa wa kuziona zikipotea.

Na baina ya nukta hizo mbili kuna jambo zito zaidi. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliipiga Molo vibaya. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima, na mamia ya maelfu walihama makwao. Walioondoka Molo na hawakurudi hawakuwepo kuulizwa mwaka 2015. Mediani ya 2005 na ya 2015 si za kaya zile zile. Mahali panapopoteza watu wake maskini kwa kufukuzwa paweza kuonekana pametajirika kwenye karatasi, bila hata mmoja kutajirika.

Pareto nayo ina funzo lake. Zamani ilikuwa zao kubwa la Molo, kisha malipo kwa wakulima yakachelewa hadi wengi wakaing'oa. Mkulima aliyepeleka maua mwaka huu na akalipwa miaka baadaye, mapato yake uyaandike mwaka gani? Anayehesabu kilichopelekwa ataona pesa. Anayehesabu kilicholiwa ataona njaa.

Basi nukta mbili hazitoshi kuchora njia. Kila kadirio la miaka mingi linahitaji orodha ya matukio kando yake: miti ilifungwa lini, watu walihama lini, ukame ulikuwa lini, bei ya mbolea ilipanda lini.

Kutoka kaunti hadi kata

Tatizo jingine ni udogo. Kaya 24,000 ukizigawa sawa kwa kaunti 47 ni kama 510 kila kaunti. Hizo zatosha kusema jambo kuhusu Nakuru nzima. Lakini Nakuru nzima ina mfanyakazi wa maua Naivasha, mwenye duka Nakuru mjini, mfugaji Gilgil na mkulima wa viazi Elburgon. Hata kama kata ya Elburgon ilibahatika kupata eneo moja au mawili ya utafiti, hizo ni kaya kumi au ishirini. Ukimuuliza wa katikati ya watu kumi, jibu lategemea mno ni mlango gani uliogongwa.

Kuna ujanja halali wa kulizunguka hilo. Sensa hufika kila nyumba, lakini haiulizi matumizi. Huuliza paa ni la nini, sakafu ni ya nini, maji yatoka wapi, taa ni ya nini, mkuu wa kaya alisoma hadi wapi. Utafiti mdogo huuliza yote mawili: paa na matumizi. Basi wataalamu hutumia utafiti kujifunza uhusiano: kaya yenye paa la aina hii, elimu hii na watoto wangapi, kwa kawaida hutumia kiasi gani? Kisha hupeleka uhusiano huo kwenye sensa na kukadiria kila kata. Kenya ilifanya hivyo mapema. Ramani ya umaskini iliyotolewa 2003 iliunganisha utafiti wa 1997 na sensa ya Agosti 1999, ikashuka hadi kwenye lokesheni.

Angalia tarehe tena. Utafiti wa 1997, sensa ya Agosti 1999, marufuku ya miti Oktoba 1999, ramani kutoka 2003. Aliyeifungua ramani ile akatafuta Elburgon aliiona Elburgon ya kabla ya viwanda kufungwa, naye akiwa mwaka wa nne baada ya kufungwa. Hesabu ilikuwa sahihi. Mahali palikuwa pamebadilika.

Marekani hutumia njia za namna hiyo kila mwaka. Kaunti zao ndogo, zilizo chini ya watu 65,000, hazipewi matokeo ya utafiti wa mwaka mmoja. Hujumlishiwa miaka mitano ili wahojiwa watoshe. Kando ya hapo kuna makadirio yanayochanganya utafiti na kumbukumbu za kodi na za msaada wa chakula, na hutoa mediani ya mapato kwa kila kaunti. Sisi kumbukumbu za kodi haziwafikii wakulima wa viazi wala wavuvi. Ila kujumlisha miaka twaweza. KNBS tangu 2019 ina utafiti wa kaya unaoendelea mwaka hadi mwaka, na miaka mitatu minne ikiunganishwa ingetupa picha ya Molo, au ya Ganze, iliyo imara kuliko ya mwaka mmoja.

Utajiri wa kaunti haujaingia jikoni

Kuna nambari nyingine hutumiwa vibaya. Mwaka 2019 KNBS ilitoa kwa mara ya kwanza pato la kila kaunti, kwa miaka 2013 hadi 2017. Nairobi ilichangia asilimia 21.7 ya uchumi wa nchi, Nakuru ikafuata kwa 6.1, Kiambu 5.5, Mombasa 4.7. Watu wa huku walishangilia. Lakini pato hilo huhesabu kilichozalishwa ndani ya mipaka, sio kilichobaki na wenyeji. Mvuke wa Olkaria huhesabiwa Nakuru, na umeme wake huwasha taa nchi nzima. Maua ya Naivasha huhesabiwa Nakuru, na faida ina safari zake. Kwetu ni bandari. Kontena likipita Kilindini pato la Mombasa hupanda. Aliye Jomvu au Likoni ajua vyema kwamba kontena kupita mbele ya mlango wako si sawa na kontena kuingia.

Ukiligawa pato la kaunti kwa idadi ya watu, umepata ule wastani wa mwenye malori.

Kwa nini sisi wa pwani tujali

Mwaka 2020 Seneti ilikwama tena na tena kuhusu fomula ya kugawa pesa za kaunti, na kaunti zetu za pwani zilikuwa miongoni mwa ambazo zingepoteza mabilioni kama idadi ya watu ingepewa uzito mkubwa. Fomula iliyopitishwa Septemba mwaka huo iliupa umaskini uzito wa asilimia 14. Asilimia 14 hiyo ilisimama juu ya utafiti kama huu niliouelezea. Seneta asiyejua 62.2 ya Tana River imetoka wapi hawezi kuitetea vizuri.

Na kuna SHA, iliyo karibu zaidi na mlango wako. Sheria yasema asiye na mshahara atalipa asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, na asilipe chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Piga hesabu kinyume: shilingi 300 ni asilimia 2.75 ya 10,909. Yaani hata kaya inayopata 6,000 hulipishwa kana kwamba yapata karibu 11,000. Na kaya yetu ya watu watano iliyosimama juu kabisa ya mstari wa umaskini wa 2021, yenye matumizi ya 13,972, ikipimwa sawasawa itatakiwa 384 kwa mwezi, yaani kama 4,600 kwa mwaka. Katika hiyo 13,972 mna viazi na maziwa yasiyopita sokoni. Kiazi hakilipi bima. Inatakiwa pesa taslimu, tena ya mwaka kwa mpigo, kwa mtu ambaye pesa zake huja kwa msimu.

Kipimo cha SHA ni ndugu wa ramani ya 2003: hutazama nyumba na mali, kisha hukisia mapato. Kwa kata nzima njia hiyo hufanya kazi, kwa kuwa waliokadiriwa juu na waliokadiriwa chini husawazishana. Kwa kaya moja hakuna wa kusawazishana naye. Mjane aliyeachiwa nyumba nzuri ya mawe Mji wa Kale ataonekana tajiri. Mpasua mbao wa Elburgon aliyejenga kabla ya 2018, kazi ikiwepo, bado ana paa lile lile la mabati, na kazi haipo. Paa hukumbuka mapato ya zamani. Kadirio la haki lingempa mtu kama huyo njia nyepesi ya kusema "hali yangu imebadilika, nihesabuni upya," na lingekubali malipo yafuate msimu.

Kwa hiyo mtu akikutajia nambari ya mapato ya mahali, iwe Elburgon au Magarini, muulize maswali manne kabla ya kuamini. Ni wastani au ni wa katikati? Ni mapato au ni matumizi, na chakula cha shambani kimehesabiwa? Ni shilingi ya mwaka gani? Na waliulizwa watu wangapi, lini, na nini kilitokea tangu hapo?

Nami nikishurutishwa kujibu, nitasema hivi. Kaya ya kawaida ya watu watano hapa Elburgon, kama inafanana na wenzake wa mashambani, ilikuwa na matumizi ya karibu shilingi 5,500 kwa mwezi mwaka 2005/06, na ya juu ya 11,500 mwaka 2015/16, huku vitu vimepanda bei zaidi ya maradufu. Kilichoongezeka kwa kweli ni ule ukingo mdogo juu ya 11,500, na ukingo huo ulitegemea misumeno kuendelea kulia. Miaka miwili baadaye ilinyamaza.